Alimfundisha mdogo wake kuchomelea, mdogo akamtangulia kupata kibati

Grenda inanyamaza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mtaa unasikika: redio ya kinyozi, mkokoteni wa muuza maji, mtu anayembembeleza mwenye duka amkopeshe sabuni. Mwanamke aliyeinama juu ya tangi la chuma ananyoosha mgongo, anavua miwani ya kazi na kupitisha kiganja juu ya mshono, taratibu, kama mama anayepima homa ya mwanawe.

Kabla kiganja hakijafika mwisho wa mshono, grenda nyingine inaanza kunguruma nyuma ya ukuta wa mabati.

"Umesikia?" anauliza bila kugeuka. "Amengoja nizime, ndipo awashe. Anataka mtaa mzima ujue nani ana kazi na nani hana."

Anayesemwa ni mdogo wake wa kuzaliwa, tumbo moja, ziwa moja. Karakana zao zimeegemeana kama walevi wawili wanaorudi nyumbani: akianguka mmoja, wa pili hasimami.

Mtaani wanamwita Mama Cheche. Ana miaka arobaini na tisa, madoa madogo ya kuungua kuanzia kiwiko hadi kidole, na sauti iliyozoea kushindana na mashine. Kwa zaidi ya miaka ishirini ametengeneza matangi madogo ya kupasha maji kwa umeme: ya saluni, ya madobi, ya nyumba za wageni, ya watu waliochoka kubeba ndoo ya moto kutoka jikoni hadi bafuni.

Leo anangoja mtu mmoja. Mkaguzi wa vyombo vya presha anapita mtaa huu leo, na akishapita hatarudi mpaka baada ya miezi mitatu. Akiridhika na tangi hili lililokaa uchi juu ya stendi, Mama Cheche atapata kile anachokililia: kibati cha chuma kisichozidi ukubwa wa kiganja, chenye jina lake.

Asiporidhika, mwenye nyumba ya wageni iliyo kwenye kona ya barabara atavuka upande wa pili wa mabati na kumpa mdogo mtu kazi ya matangi yake sita. Ameshasema hivyo, tena kwa heshima zote, jambo lililomuuma Mama Cheche kuliko matusi.

"Angenitukana ningelala," anasema. "Lakini aliniambia, 'Mama, nakuheshimu sana.' Ukiona mteja anaanza na heshima, jua pesa ameshaipeleka kwingine."

Maji yanapopashwa ndani ya chombo kilichofungwa hutanuka, na yakikosa mlango hujitengenezea. Miaka kadhaa iliyopita, katika kibanda cha dobi mmoja, yalijitengenezea mlango kwenye paa. Dobi mwenyewe alinusurika kwa kuwa alikuwa ametoka kununua sigara.

"Ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeokolewa na sigara," anasema Mama Cheche.

Tangi lile halikuwa lake, wala la mdogo wake. Valvu yake ya usalama, ile inayotakiwa kufunguka yenyewe presha ikizidi, ilikutwa imezibwa kwa kijiti. Mtu aliona inadondosha akadhani imeharibika.

Baada ya hapo kanuni zilikazwa. Leo tangi lolote la maji moto linalofanya kazi kwa presha, hata liwe dogo la kutosha bafu moja, lazima litengenezwe kwa chuma kinachojulikana unene na asili yake, na fundi ambaye mkono wake umepimwa. Lazima liwe na valvu ya usalama inayofanya kazi. Na lazima lijazwe maji na kusukumwa mpaka presha ifike mara moja na nusu ya ile litakayobeba kila siku, mkaguzi akiwa amesimama palepale.

Likistahimili, hupigwa kibati. Lisipokuwa nacho, fundi bomba haruhusiwi kuliunganisha, na mwenye biashara akikutwa nalo anafungiwa mlango.

Tangazo lilipobandikwa, dada mkubwa alicheka. "Nilisema, hawa ndio watanifundisha mimi kuchemsha maji?"

Mdogo wake hakucheka. Huyo mtaani wanamwita Kinda, jina alilobaki nalo tangu alipoletwa karakana akiwa binti mwembamba aliyemaliza shule ya msingi na kukosa karo ya kuendelea. Kinda alijiandikisha darasa la jioni. Alichomelea vipande vya majaribio, vikakatwa, vikapindwa kwenye mashine ili ionekane kama vitapasuka. Havikupasuka. Tangi lake la kwanza likapita, likapigwa kibati.

"Akaniita nikatazame," anakumbuka Mama Cheche. "Tangi kalifunika kitambaa cheupe. Akalifunua polepole kama anayemfunua bibi harusi. Nikasema hongera. Nikarudi huku, nikakaa juu ya ndoo ya misumari, nikalia ngoa mpaka mume wangu akaja mbio kuuliza nani kafa."

Hafichi. Wivu wake anausema kwa sauti, mbele ya wapita njia, kama mtu anayetaja ugonjwa wa goti.

"Husuda ni kutaka mwenzio akose," anafafanua huku akipangusa tangi. "Mimi sitaki akose, yule ni damu yangu. Nataka apate. Ila nianze kupata mimi, kikubwa, halafu na yeye apate kadogo, aje kunishukuru."

Kinachomuuma zaidi ni kwamba mkono ule uliomtangulia aliufundisha yeye. Yeye mwenyewe aliingia kwenye kazi hii kwa mlango wa uani: aliajiriwa kufagia karakana ya fundi wa mageti, akawa anafagia polepole karibu na mashine, macho kwenye mkono wa fundi. Siku fundi alipougua, alimaliza geti lililobaki. Mwenye geti hakujua tofauti. Fundi alijua, akampa miwani.

Alipopata karakana yake, alimchukua Kinda. Mwaka wa kwanza kazi ya Kinda ilikuwa kushika chuma kwa koleo na kutotikisika.

"Nilimfundisha kuchomelea kwa masikio," anasema. "Mshono ukienda vizuri unalia kama mafuta ya kukaangia yaliyotulia. Ukisikia unapasuka-pasuka kama bisi, inua mkono, umekosea. Hayo hayamo darasani. Hayo yalitoka kwangu."

Walitengana Kinda alipoolewa. Ukuta wa mabati uliogawa uwanja katikati ulisimamishwa na dada mkubwa mwenyewe, kwa mkono wake, kwa misumari yake.

"Hata mabati," anasema Kinda, ambaye ana miaka thelathini na saba na kicheko cha karibu, "upande unaong'aa kauelekeza kwake. Mimi nimepewa mgongo wa bati."

Tangu kanuni zianze kufuatwa, Mama Cheche amebaki kuchomelea mageti na nondo za madirisha. Tangi moja lenye kibati humwachia fundi faida sawa na mageti matatu, na geti moja linakula siku nne. Ameuza kompresa yake. Mwenye saluni aliyekuwa mteja wake wa miaka tisa amehamia kwa Kinda.

"Kazi ya Mama Cheche naipenda," anasema mwenye saluni huyo, akimsuka mteja bila kuinua macho. "Lakini nikifungiwa mlango, mapenzi yataufungua?"

Kama hayo hayatoshi, tangi la Kinda limeingia mpaka nyumbani kwa mama yao. Limening'inizwa bafuni, limepakwa rangi ya maziwa, kibati kinatazama mlango. Mama Cheche akimtembelea mama yake siku hizi, hunawa kwenye bomba la nje, maji baridi, hata mvua ikinyesha.

Mama yao, mzee aliyestaafu kazi ya usafi hospitalini, amechoka nao wote wawili.

"Nikisifu maji, mkubwa ananuna," anasema. "Nikinyamaza, mdogo ananuna. Mtu mzima mimi, siku hizi naoga kwa siri kama mwizi."

Mume wa Mama Cheche, fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na karakana, naye ana la kusema. "Nyumbani kwangu kuna mke mmoja, lakini wivu upo wa kuwatosha wanne. Usiku anaota anagombana na bati."

"Yeye anashona nguo, mimi nashona chuma," mkewe anamjibu kutoka ng'ambo ya barabara. "Tena yeye akikosea, mtu anabaki uchi tu. Mimi nikikosea, mtu anabaki bila paa."

Ni kweli kwamba alikosea, ingawa mshono haukuwa na kosa.

Hatimaye naye aliingia darasa la jioni. Vipande vyake vya majaribio vilipindwa mpaka vikakutana ncha kwa ncha, havikuonyesha hata ufa wa unywele. Cheti cha mkono akakipata kwa mara moja. Likabaki tangi lenyewe, na somo moja la mwisho kuhusu namna ya kuliandaa kwa ajili ya mkaguzi.

Siku ya somo hilo alifika mlangoni, akachungulia. Mwalimu alikuwa amepata udhuru, na aliyeombwa kuwaelekeza wenzake, akiwa na chaki mkononi, alikuwa Kinda.

"Niligeuza palepale," anasema. "Nikae kwenye benchi, ninyooshe mkono, nimwite yule 'mwalimu'? Nikasema somo hili litanipita na sitakufa."

Hakufa. Lakini siku ya ukaguzi wa kwanza, miezi mitatu iliyopita, alilitoa tangi lake likiwa limepakwa rangi nyekundu mara mbili, limeng'arishwa, limefungwa utepe. Alikuwa ameliona la mdogo wake liking'aa bafuni kwa mama yao, akaapa lake liwe zuri zaidi. Hakujua kwamba la Kinda lilipakwa rangi baada ya kupimwa, si kabla.

Mkaguzi, mwanamume mnene mwenye tochi ndogo na kioo cha kuchungulia chini ya mishono, alilizunguka mara moja tu. Kisha akafunga mkoba wake.

"Mimi sina ugomvi na rangi," anaeleza mkaguzi. "Ila tangi lenye udhaifu huanza kwa kutoa jasho kwenye mshono, kijasho chembamba tu. Rangi inalishika lile jasho, inaficha. Tunapima, tunaona limepita. Mtu analifunga nyumbani, linapata moto siku baada ya siku, rangi inaachia, na huyo aliye bafuni hana hata nguo. Ndiyo maana tunasema mishono iwe wazi."

Alimwambia alikwangue, wakutane ukaguzi ujao. Nyuma ya mabati mtu alikohoa. Mama Cheche anasema kilikuwa kicheko kilichovaa kikohozi. Kinda anaapa kilikuwa kikohozi.

Jioni ile Kinda alikuja na neno ambalo mpaka leo halijameng'enyeka. Alimwambia dada yake atengeneze matangi yake kama kawaida, kisha yapite upande wa pili wa mabati, yapimwe na kupigwa kibati chenye jina la Kinda, pesa wagawane.

"Niliona namsaidia," anasema Kinda.

"Aliniona mfanyakazi wake," anasema Mama Cheche. "Nimzae mtoto, aitwe kwa jina la jirani?"

Hawakusemezana kwa wiki kadhaa, isipokuwa kwa grenda.

Mkaguzi anafika leo jua likiwa limeshapanda, shati limeganda mgongoni. Mama Cheche anamvutia kiti, anakifuta kwa kitambaa, kisha anakifuta tena. Tangi linangoja, chuma kitupu, mishono ikionekana kama makovu yaliyopona vizuri.

"Sasa ndiyo tunaongea, mama," anasema mkaguzi. Anapitisha tochi, anapitisha kioo, anasoma karatasi inayotaja unene na asili ya chuma, anatikisa kichwa kukubali. "Unganisha pampu."

Mama Cheche anaunganisha pampu ya mkono na geji, saa ile ya kusomea presha. Mkaguzi anainama kuitazama geji, anaimulika kwa tochi.

"Hii ilithibitishwa lini?"

"Ni nzima. Nimeinunua kwa pesa yangu."

"Sijauliza bei, nimeuliza uthibitisho. Geji hupelekwa kupimwa kila mwaka. Hii muda wake umepita. Sindano ikidanganya, mimi na wewe tutakuwa tumeshuhudia uongo."

Na hilo pia lilisemwa katika somo lile lenye chaki.

"Tufanyeje, Bwana Mkaguzi?"

"Geji yoyote iliyothibitishwa, hata ya kuazima. Nina kituo kingine baada ya hapa. Nakunywa maji yangu hapa. Nikimaliza chupa, naondoka."

Mtaa huu una geji moja tu iliyothibitishwa. Kila mtu anajua iko wapi. Fundi cherehani anasimamisha cherehani. Kinyozi anapunguza redio. Mama Cheche anatazama chupa ya mkaguzi, anatazama mabati, anatazama mikono yake. Kisha anazunguka ukuta, hatua kwa hatua, kama anayeitwa na polisi.

Kinda anamwona akija, anaendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"We mdogo."

"Abee, dada."

"Hiyo geji yako inafanya kazi?"

"Inategemea anayeuliza."

"Anauliza aliyekufundisha kushika koleo."

"Basi imeharibika."

"Kinda, usinichezee. Mtu anamaliza maji kule."

"Anamaliza maji, mimi nifanyeje? Sema unachotaka. Mdomo si unao? Wa kunisema kwa mama unao."

Dada mkubwa anavuta pumzi. Wanaotazama wanasema hawajawahi kumwona akivuta pumzi ndefu namna ile, hata alipokuwa akisukuma uchungu wa kitinda mimba wake.

"Naomba geji yako."

"Sijasikia."

"Naomba geji yako, mdogo wangu. Na Mungu akuzibue masikio."

Kinda anaishusha kutoka kwenye msumari ambapo hukaa ndani ya soksi safi. Haitoi. Anaibeba mwenyewe mpaka upande wa pili, anaifunga kwenye tangi la dada yake kwa mkono wake, anaikaza kwa spana, kisha anarudi nyuma na kukunja mikono kifuani. Hakuna aliyemwalika kubaki, na hakuna anayemfukuza.

Maji yanaingizwa mpaka hewa yote itoke, kwa sababu hewa iliyobanwa ikipasua chuma hurusha vipande, ilhali maji humwagika tu. Mama Cheche anasukuma mpini wa pampu. Sindano inapanda, inapita presha ya kazi, inaendelea, inafika alama ya mara moja na nusu.

"Acha," anasema mkaguzi.

Sasa ni kungoja. Sindano ikishuka, kuna mahali panapovuja, hata kama hapaonekani. Mkaguzi anazunguka na tochi. Mama Cheche hatazami tangi wala geji. Anautazama uso wa mdogo wake.

Kinda haachi kuitazama sindano.

Baadaye, peke yake, Kinda alikiri alichokuwa akiwaza. "Nikisema sikutamani tone moja, litakuwa uongo. Tone moja tu. Si kwa ubaya. Watu wanakuja kwangu miaka yote hii, wanaangalia kazi yangu, wanasema, 'Mzuri mshono huu, karibu kama wa dada yako.' Lile neno 'karibu' limenila mpaka mfupa. Kibati ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yeye hana."

Tone halikutoka. Sindano haikusogea. Mkaguzi alipitisha kidole kikavu juu ya kila mshono, kidole kikabaki kikavu. Akajaribu valvu ya usalama, ikafunguka pale ilipotakiwa kufunguka, ikamrushia maji kwenye viatu.

"Limepita," akasema, akitikisa mguu.

Fundi cherehani alipiga ukelele ambao mteja wake aliyekuwa akipimwa suruali hatausahau. Mama Cheche hakupiga ukelele. Aligeuka kwa mdogo wake.

"Ulitaka livuje."

"Kidogo."

"Nilijua. Ningekuwa mimi ningetaka livuje sana."

Kisha wakacheka, wote wawili, mpaka mkaguzi akawaomba wanyamaze apate kupiga herufi. Alizipiga moja moja kwa nyundo kwenye kibati, jina la mtengenezaji, mwaka, presha ya juu kabisa, na namba ya fundi. Mama Cheche alifuata kila herufi kwa midomo. Jina lilipokamilika alifuta jicho kwa mkono wenye grisi, akajipaka doa jeusi mpaka sikioni.

Furaha ilidumu mpaka kwenye namba.

"Namba yangu ni hii? Na yake ni ipi?"

"Yake ni ya kabla ya yako, mama. Yeye alitangulia."

"Haiwezi kubadilishwa? Mimi ndiye mkubwa. Hata hospitalini nilizaliwa kwanza."

Mkaguzi alimwambia kanuni haina habari na hospitali.

Mwenye nyumba ya wageni alipita mkaguzi akiwa bado anafunga mkoba wake. Aliinama, akasoma kibati kwa kidole, akampa Mama Cheche mkono na hongera. Halafu akasema amefikiria upya: badala ya matangi sita madogo, moja kila chumba, sasa anataka moja kubwa la kupasha maji ya nyumba nzima.

Mama Cheche alikuwa ameshafungua mdomo kukubali, mkaguzi akamkatiza. Tangi la ukubwa ule ni la daraja lingine. Kanuni inataka litengenezwe katika karakana yenye wachomeleaji wawili wenye vyeti, ili kila mmoja akague mishono ya mwenzake.

Watu wote waliokuwa pale walifanya hesabu ileile kwa wakati mmoja, wakageuka kumtazama Kinda, aliyekuwa akiirudisha geji yake ndani ya soksi.

"Msinitazame," alisema Kinda. "Mimi nina wateja wangu."

"Nani kakuomba?" alisema dada yake.

Ilimchukua mwenye nyumba ya wageni dakika chache kutaja bei, na ilipotajwa, wateja wa Kinda walionekana wanaweza kusubiri.

Kwa sasa mpango ni huu. Mabati matatu ya katikati yatang'olewa, karakana mbili ziwe moja kwa ajili ya kazi hii. Mama Cheche atachomelea mishono mirefu ya ubavuni, Kinda ile ya mviringo. Faida itagawanywa katikati. Na Mama Cheche anataka pesa yake ya kwanza impeleke kwenye kozi ya ukaguzi wa mishono, ambayo Kinda hajaisoma.

"Nikiipata hiyo, kila anachochomelea yule kitapita mikononi mwangu kabla ya kumfikia mkaguzi," anasema, na macho yanamng'aa. "Nitavaa miwani. Nitachukua tochi. Nitasema, 'Mzuri mshono huu, karibu uwe sawa.'"

Hajui kwamba ametaja neno lenyewe. Nyuma ya mabati hakuna anayekohoa.

Kilichobaki ni kibati cha tangi kubwa, ambacho kitabeba majina mawili. Mama Cheche anataka yapangwe kwa umri. Kinda anataka yapangwe kwa namba za vibati. Walipompigia mkaguzi simu aamue, aliwaambia kanuni haisemi lolote kuhusu nani awe juu, akawashauri majina yawekwe sambamba, mstari mmoja, ubavu kwa ubavu, kama ndugu.

Wote wawili walikubali, wakakata simu, wakashikana mikono mbele ya fundi cherehani awe shahidi.

Sasa wanagombania nani akae kushoto, kwa kuwa huko ndiko watu wanakoanzia kusoma.